Ungo Usiomwagwa

Mwanaheri binti Zuberi, mzaliwa wa Vuga, alikalia kiti kimoja cha mbao miaka kumi na minane, katika kituo cha kukusanya maziwa kwenye barabara ya kupanda Magamba. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila asubuhi aseme Kanta, lori la kubebea maziwa, ianzie kijiji gani na imalizie kipi. Vijiji vilikuwa tisa. Ukikosea kuvipanga, maziwa ya huku yanachacha gari likiwa bado linahangaika kule.

Hakuwa na daftari. Alikuwa na ungo na punje tisa za maharage, kila punje na rangi yake: ya njano Kwai, nyekundu Shume, yenye madoa Magamba, na nyingine hivyohivyo. Akishazipanga humwambia Aron dereva, kisha huufunika ungo kwa kanga. Ungo ule haukumwagwa hata siku moja. Kesho yake huukuta mpangilio wa jana umelala vilevile. Hutazama ukungu umekaa upande gani, hubadilisha punje mbili, hufikiri, hubadilisha nyingine mbili. Basi, gari linaondoka.

Mwezi wa tatu meneja, Sefania, akaja na binti mmoja aliyebeba kompyuta begani na mtoto kifuani.

"Huyu ni Beatha, anasoma chuo kikuu," akasema. "Ana mashine inayopanga njia. Bi Mwanaheri, siku moja tutafuata mpango wako, siku moja wake. Mwisho wa mwezi tutaona gari linawahi kurudi kwa mpango wa nani. Ukishindwa, kiti hicho si chako tena. Utaosha keni za maziwa."

"Na nikishinda?"

"Si utaendelea kukaa! Au ulitaka na keki?"

Wapimaji wa maziwa wakacheka mpaka mmoja akamwaga.

Beatha hakuwa na wa kumshikia mtoto, basi akafikia kwa huyohuyo Mwanaheri. Ikawa mmoja anainamia kompyuta, mwingine amembeba mgongoni mtoto, Alen wa miezi mitano, akimwimbia kwa Kishambaa.

"Shikamoo mama. Gari langu limerudi saa ngapi?"

"Marahaba. Saa saba, mwanangu. Langu jana lilirudi saa nne."

Beatha akajikuna kichwa. "Kompyuta yenyewe siyo hii. Hii ni ya kutuma swali tu. Yenyewe iko ng'ambo, imefungiwa kwenye baridi ambayo ukiilinganisha na Shume ya mwezi wa saba, Shume ni jikoni. Inaitwa ya kwanta. Hii yetu hushika ndiyo au hapana. Ile hushika ndiyo na hapana kwa pamoja, halafu hesabu inazifanya njia mbaya zififie, nzuri zijitokeze."

"Mbona hazijitokezi?"

"Ina kelele, mama. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, inakosea. Hesabu ikiwa ndefu, makosa yanarundikana. Naituma mara elfu, majibu yanakuja hovyohovyo."

Wiki ya tatu Mwanaheri alimkuta analia juu ya nepi ambazo hajazifua. Mwalimu wake alikuwa amempigia simu: bila matokeo mwezi huu, asirudi chuoni.

Mwanaheri akamtazama Alen, maziwa yamemkaukia shavuni. Alijua kiti chake kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akauvuta ungo, akaondoa kanga.

"Kila siku mashine yako inaanzia wapi?"

"Inaanza na njia zote zikiwa na nafasi sawa."

"Ndiyo maana inachoka. Wewe kila asubuhi unamwaga ungo! Mimi simwagi. Ianzishe karibu na njia yangu ya jana, hapo haitakuwa na mwendo mrefu wa kupotelea."

Beatha akasimama ghafla. "Hesabu itakuwa fupi! Mama, itamaliza kabla kelele hazijaiharibu. Nitawaambia ni wewe. Nakuapia kwa mtoto huyu."

Kutoka hapo gari la Beatha likaanza kuwahi, kwanza kwa robo saa, kisha kwa nusu.

Mwisho wa mwezi, siku ya mkutano wa matokeo, Sefania akaisifu mashine mpaka mate yakamkauka. Mwanaheri alimtazama Beatha. Beatha alikuwa anamfunga Alen kofia, na kofia ilikuwa imefungwa tayari.

"Una neno, binti?" Sefania akamuuliza.

"Nashukuru tu kwa ushirikiano."

Sefania akaubeba ungo, akaukung'utia uani. "Kuku nao washerehekee!"

Asubuhi iliyofuata Beatha akaondoka, akiahidi kutuma karatasi ya njia kila wiki. Alen alimng'ang'ania Mwanaheri shingoni, akalia. Mwanaheri akamfungua vidole kimoja kimoja, akampa mama yake.

Haikupita wiki mbili, ukungu ukaifunika Shume yote. Aron akachungulia pale Mwanaheri alipokuwa anasugua keni kwa maji ya moto.

"Mama, huko juu hakuonekani. Nianzie wapi?"

"Anzia Kwai, Shume iache mpa..."

"Huyo anaosha keni!" Sefania akadakia. "Karatasi inasema Shume."

Karatasi ilitengenezwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kanta ikatambaa kwenye ukungu asubuhi nzima, na Kwai keni zikangoja barabarani mpaka jua likazipata. Gari liliporudi, saa nane, mpimaji akachanganya maziwa na spiriti, kuona kama yamechacha. Yakaganda. Keni ya pili nayo hivyo, mpaka nne.

"Keni hizi aliziosha nani?" Sefania akauliza.

Aron akageuka kutazama matairi yake.

"Ukungu ndio umechelewesha gari, baba," Mwanaheri akasema.

"Njia haikosei, imepigiwa hesabu ng'ambo. Kilichokosea ni uchafu wako. Mwaga hayo maziwa, osha keni, kisha tundika aproni msumarini. Kesho usije."

Akayamwaga. Akaziosha keni zote nne, ndani na nje, na vifuniko vyake, akazipindua juani. Akatundika aproni. Halafu akaenda kuchukua ungo wake ukutani.

"Huo uache," Sefania akasema bila kuinua macho. "Tunapepetea pumba."

Akauacha.