Kilo Mia Nne na Hamsini

Kilo tisini. Dada Kilo aliisoma mizani mara mbili, akainuka, akaipiga teke.

Ilikuwa mizani ya kawaida, ile ya kusimama juu yake bafuni kujua kama umenenepa. Yeye huiweka kwenye sakafu ya gereji, analaza ubao mnene, upande mmoja juu ya mizani na mwingine juu ya tofali, kisha anashusha hapo shingo ya trela, yaani kile chuma cha mbele kinachoegemea nyuma ya gari. Hesabu iliyobaki anaifanya kichwani, na leo ilimpa hizo tisini. Juzi shingo ya trela hilohilo ilikuwa na kilo mia mbili na thelathini. Gari la mdogo wake liliundwa kubeba mia na sitini hapo nyuma, basi. Alikuwa amemwambia maneno mawili tu: punguza mzigo.

"Si umeona?" mdogo wake alisema, mikono kiunoni. "Ulisema shingo nzito, nimeipunguza. Tena nimepitiliza. Nipe tano."

Dada Kilo hakumpa tano. Alizunguka nyuma, akafungua mlango wa trela. Kilikuwa chumba kizuri cha magurudumu mawili: vitanda, sinki, jiko dogo, mapazia ya maua. Nyuma kabisa, baada ya kitanda cha mwisho, alikuta jenereta, madumu ya maji, friji ya pili na mifuko miwili ya saruji, vyote vimesukumwa mkiani kama watu waliofukuzwa kwenye foleni.

"Hujapunguza," alisema. "Umehamisha."

"Si yaleyale?"

Hapo ndipo sauti ya Dada Kilo ilipopanda, na mafundi wa gereji ya jirani wakaacha kazi wasikilize.

Kabla ya kufungua gereji, Dada Kilo alifanya kazi miaka minane kwenye brekdauni, lori linalokwenda kuokota magari yaliyoanguka. Alianza kama mfunga minyororo, akaishia kuwa dereva. Barabara yake ilikuwa ile inayoshuka ukingo wa bonde, kona kumi na saba. Huko alijifunza jambo ambalo wauzaji wa matrela hawalisemi. Trela lenye mkia mzito huanza kwa kuyumba kidogo tu, kama mtu anayekataa kwa kutikisa kichwa. Dereva anashtuka, anakanyaga breki, na trela linamsukuma. Kuanzia hapo si gari tena linaloongoza. Kwa miaka minane aliokota vichakani mito, sufuria, viti vya kukunja, viatu vya watu. Hakuwahi hata siku moja kukuta trela lililoanguka likiwa tupu.

Ndiyo maana ana utaratibu wake. Ukifungiwa kwake chuma cha kuvutia, pini ya mwisho ya kushikiza trela kwenye gari, isiyozidi urefu wa kidole, inabaki mfukoni mwake. Kwanza unapakia trela kama utakavyosafiri, hata miswaki. Yeye analivuta kwa lori lake mpaka machimbo ya mawe, kwenye mizani kubwa ya kupimia malori, nawe unamfuata nyuma. Uzito ukikubaliana na gari lako, unapewa pini palepale. Usipokubaliana, mnagombana. Wengi wanagombana. Wanamwita mchawi wa namba, wanamwambia anatisha watu, wanasema, "Mbona linavutika tu!" Sentensi hiyo hata mimi ninayesimulia nimeisikia kwa lugha nne, katika nchi ambazo hazifanani kwa lolote jingine, na kila mara msemaji alikuwa anatabasamu.

Linavutika, ndiyo. Injini ya siku hizi itavuta hata kanisa. Shida si kuvuta, shida ni kusimama. Na bango pale dukani huandikwa uzito wa trela tupu, kana kwamba kuna mtu duniani anayesafiri na kitanda bila godoro. Muuzaji alimpa mdogo wake Dada Kilo ufunguo, risiti na uongo, vyote kwa mkono mmoja.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yao. Mgongo wake haukumruhusu tena kukaa kwenye basi zaidi ya saa moja, lazima ajinyooshe. Ng'ambo ya bonde alikuwa na dada yake, ambaye hawajaonana kwa miaka kumi na mmoja, na ambaye sasa macho yalikuwa yanamwisha. Mama alitaka aonwe kabla hayajaisha. Kwa hiyo trela: mwendo wa saa moja, kusimama, kulala nusu saa, kuendelea. Wazo lilikuwa zuri, na lilikuwa la mdogo mtu. Hilo Dada Kilo hakumnyima.

Walifika machimboni saa tatu asubuhi. Mama alikuwa tayari kiti cha mbele cha gari la mwanawe, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani. Karani wa mizani, mtu mnene mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, alichungulia dirishani.

"Elfu moja mia tisa arobaini," alitangaza. "Dada Kilo, leo umeniletea nyumba ya ghorofa?"

"Gari lake linaruhusiwa elfu moja mia sita," alijibu yeye bila kucheka. "Na juzi ulisoma ngapi?"

Karani aliangalia daftari. "Hiyohiyo. Hata kilo moja haijapungua."

"Lakini tazama gari langu!" mdogo wake alipaza sauti. "Nimefunga springi mpya, zile za jirani yako. Juzi shingo ilipoliegemea lilichutama, leo pale gereji limesimama wima."

"Springi zinaficha, hazibebi. Breki ni zilezile. Ekseli ni ileile. Jirani yangu amekuuzia suruali ya kufunika kidonda."

"Sasa unataka nini? Shingo ikiwa nzito, kosa. Ikiwa nyepesi, kosa."

"Trela la uzito huu linataka shingo ya kilo mia na tisini angalau ndiyo litulie. Gari lako halibebi mia na tisini. Ukishusha shingo unapata mkia, ukishusha mkia unapata shingo. Kinachotakiwa kushuka ni mzigo! Nikuimbie?"

"Pini zinauzwa kila duka, dada."

"Kanunue. Nunua hata ndoo nzima. Ila Mama anashuka kwenye hilo gari sasa hivi."

Mdogo wake alimkaribia, akateremsha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Sema ukweli. Linalokuuma ni kwamba mimi ndiye ninayempeleka. Miaka kumi na mmoja una lori, una gereji, hujampeleka hata mara moja."

Karani alirudisha kichwa ndani.

Ilikuwa kweli, na Dada Kilo alilijua hilo. Kisha akasema, "Na wewe ukiniletea maiti yake utasema ulimpeleka," na mara tu neno lilipotoka alitamani kulimeza.

Mlango wa gari ulifunguka. Mama alishuka kwa hatua zake za kupima, mkono kwenye mgongo.

"Nimesikia yote, sijawa kiziwi. Kilo ngapi zimezidi?"

"Mia tatu na arobaini, Mama. Mimi nataka mia nne na hamsini zitoke, ili shingo nayo iingie kwenye kipimo."

"Basi toeni. Anzeni na ile cherehani."

Watoto wote wawili walimtazama. Cherehani ile ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu, ilikuwa ya mama mkubwa, dada yake Mama. Walikuwa wameshonea pamoja ujanani, na Mama alikuwa anairudisha. Ilikuwa na kilo arobaini.

"Cherehani haitoki," alisema Dada Kilo. "Inakaa juu ya ekseli, katikati, naifunga mwenyewe. Yatoke maji. Lita mia na ishirini, utadhani mnakwenda jangwani! Bomba liko kila kituo cha mafuta. Itoke jenereta. Friji ya pili. Turubai la kivuli na nguzo zake, na ile meza ya chuma na viti vyake. Na saruji. Saruji, mdogo wangu? Kwenye trela la kulala?"

"Nimemwahidi mama mkubwa kumtengenezea ngazi ya mlangoni," mdogo wake alisema. "Asijikwae. Nimeshaahidi."

"Yeye umemwahidi saruji," Mama alisema. "Mimi umeniahidi kufika."

Mdogo mtu alikunja mikono ya shati. Kisha alipanda kwenye trela na kuanza kushusha, akibwaga kila kitu chini kwa kishindo: dumu, dumu, mfuko, mfuko. Vumbi la saruji lilimjaa kifuani. Hakumwangalia dada yake hata mara moja, naye dada yake hakumsaidia. Karani ndiye aliyeshika upande wa pili wa friji.

Kipimo cha pili kilisoma elfu moja mia nne na tisini. Shingo, mia na hamsini na tano. Dada Kilo alichomeka pini, akaivuta mara tatu, akafunga minyororo ya usalama, akakagua taa. Mama alimshika shavu. Mdogo wake aliwasha gari, akaondoka bila kwaheri, taratibu sana, kwa mwendo wa mtu anayetaka kuonyesha kwamba anaonewa.

Simu ililia saa kumi na moja jioni, wakati Dada Kilo anafuta mikono gerejini.

"Tumefika," Mama alisema. "Ameniona. Amesema nimezeeka vibaya. Mdogo wako ameendesha polepole mpaka zile kona nimezipita usingizini."

"Mpe simu."

"Hataki kuongea na wewe."

"Vizuri. Hata mimi sitaki. Mwambie tu akirudi asipakie kitu huko."

Mama alikohoa.

"Mama?"

"Dada yangu amenipa kabati," Mama alisema. "La mbao za mninga. Siwezi kulikataa, mwanangu, amelitunza miaka yote hii kwa ajili yangu."

Dada Kilo aliketi juu ya mfuko wa saruji aliourudisha kwa lori lake. Hasira ilimpanda upya, yote.

"Lina milango mingapi?" aliuliza.