Mwizi Aliyeacha Kengele Shingoni

Nyumbani kwetu Mwamanyili hakuna filamu inayopita salama. Tuna televisheni moja ya sola, na kila baada ya wiki mbili mimi hurudi kutoka Bariadi na flashi iliyojaa. Jumapili tukishakula mchana, baba, mama na mimi tunakaa mbele ya hiyo televisheni kama mahakimu watatu, na nakuambia, hatuna huruma.

Kila mtu anahukumu kwa anachokijua. Mama amebeba ndoo kichwani tangu akiwa mdogo, basi yeye anatazama shingo. Juzijuzi tuliona filamu ya hapahapa Bongo, mke anateswa na mawifi, katumwa maji bondeni. Yule dada anajua kulia, na mimi mwenyewe nilishaanza kutafuta kanga ya kujifutia. Mama akasema ile ndoo ni tupu, tazameni shingo inavyocheza. Uhondo wote ukaisha. Kuanzia hapo kila wifi alipomsema, mama alikuwa upande wa wifi.

Mimi nauza duka la dawa, kwa hiyo madaktari wa kwenye filamu nawasubiri kwa hamu. Kuna tamthilia moja ya Kikorea iliyotiwa Kiswahili, daktari wake mzuri mpaka unatamani kuugua, lakini jamani, yule mtu anadunga sindano juu ya shati. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka chini ya kiti. Mama akaniambia nimwache, kwa sura ile hata akidunga juu ya koti atapona mtu.

Baba ndiye mgumu. Risasi hazimsumbui, shujaa wa Kihindi alipigwa tano kifuani, akasimama, akaimba, baba akatulia tuli. Kilichomuudhi ni kwamba shujaa huyohuyo aliingia kwa baba mkwe na kuketi kabla hajasalimia. Hapo akaagiza izimwe. Kitu kingine asichokubali ni wanaume wanaolia wakitazama kamera. Kwake yeye huo si uigizaji, ni matangazo. Aliwahi kutueleza, akiwa amenyoosha miguu na kijiti mdomoni:

"Mwanaume akilia kweli hakai kutazamwa. Anajitafutia kazi."

Mama akamuuliza kama yeye amewahi. Baba akasema tuendelee na picha.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu. Pale Bariadi, jirani na duka ninalouza, kuna kijana ana chumba cha kuwekea watu filamu kwenye flashi na simu. Ndiye aliyekuwa ananijazia flashi ya nyumbani, na mwaka haujaisha akawa ameshaniambia anataka kumtuma mshenga kwa baba. Nilimtaka, sifichi. Nilimtaka mpaka nilikuwa nampelekea flashi nzima aniwekee filamu mbili tu ili nipate sababu ya kurudi. Shida ni kwamba yeye ni mtoto wa mjini kabisa, wazazi wake wanauza vitenge, na ng'ombe alikuwa anamjua akiwa supu. Baba yangu mtu hamsikilizi mpaka ajue anasimamaje zizini. Mshenga angefika, angepewa maji ya kunywa, angerudishwa.

Nikajifanya mjanja. Huyo kijana alikuwa ameigiza kwenye filamu iliyopigwa hukuhuku kwetu. Nilipomuuliza amecheza kama nani, akasema utaona mwenyewe, na mimi kwa kupenda kwangu sikufikiria zaidi. Nikasema baba anapenda filamu, akimwona kwanza kwenye televisheni atamzoea. Nikamweka sawa mama, na mama naye, ambaye siri kwake hailali, akamwambia baba leo tunamwangalia mtu anayetaka kuwa mkwe wetu. Baba akavaa koti. Joto lile, akavaa koti, akakaa.

Dakika ya kumi akatokea. Akafungua zizi la watu na kutoka na ng'ombe.

Ndugu yangu, nilitamani sola ikatike. Kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini mwizi wa ng'ombe! Mama alishika mdomo. Baba akasogeza kiti mbele. Kwenye filamu mchumba wangu ametangulia, kamba mkononi, kifua mbele kama anakwenda kupokea cheti, na ng'ombe nyuma yake, na shingoni mwa yule ng'ombe kengele inalia kling, kling, kling kijiji kizima.

Kwanza niliona bega la baba linatikisika. Nikajua ni hasira. Kumbe mzee anacheka, anacheka hana sauti, machozi yanamtoka, anapiga goti lake na kiganja. Akaomba irudishwe nyuma. Tukarudisha mara tatu. Mwizi anaacha kengele! Mwizi anatangulia mbele badala ya kumswaga ng'ombe kutoka nyuma! Akamwita mama aone vizuri, kana kwamba mama alikuwa wilaya nyingine.

Kisha mchumba wangu akakamatwa, akalia akitazama kamera, machozi mawili yaliyonyooka. Dawa ya kuchua aliyopaka chini ya macho ili yatoe machozi nilimuuzia mimi mwenyewe, nikidhani ana mafua. Baba akatikisa kichwa, akavua koti, akasema:

"Huyu hajawahi kuiba ng'ombe. Lakini hajawahi kuchunga pia. Mshenga aje, ila ng'ombe wa mahari atawaswaga mwenyewe mpaka hapa. Akishindwa, arudi nao."

Nililala na furaha nusu na hofu nusu. Kumswaga ng'ombe si kazi ya bwana harusi, kuna ndugu na vijana wa kufanya hivyo, lakini baba alikuwa ameshatamka. Na mbele ya watu ng'ombe wakimshinda, hapo hakuna ndoa, kuna hadithi ya kuchekwa mpaka wajukuu.

Nilipompigia kumweleza, kitu cha kwanza alichouliza ni kama mzee alipenda alivyolia. Waigizaji bwana! Nikamwambia ukweli wote, dawa ya kuchua na kengele. Akanuna. Akasema kutangulia mbele aliambiwa na mwongozaji ili sura ionekane, na kengele iliachwa ili watazamaji wasikie ng'ombe anatembea. Nikamwambia basi akamwoe mwongozaji. Tulikaa siku mbili bila kusemezana, mimi nikipita mbele ya chumba chake na shingo yangu imenyooka kama nina ndoo iliyojaa. Siku ya tatu chumba kilikuwa kimefungwa. Amekwenda Kalemela, jirani yake akaniambia, kwa mjomba wake mwenye mifugo.

Alikaa huko muda wa kutosha kuchubuka visigino. Alikuwa ananipigia simu akiwa anahema, ananieleza nani kati ya ng'ombe ana kiburi na nani anafuata wenzake tu, anawachambua kama waigizaji. Kuna jike moja jeusi alilolisifia sana, alisema halihitaji kuelekezwa.

Siku yenyewe ya mahari tulianza kuwasikia kabla ya kuwaona. Kling, kling, kutoka upande wa mashamba ya pamba. Wazee waliokaa na baba wakageuka. Mama, ambaye kwa adabu ya kwetu hapaswi kukutana na mkwe uso kwa uso, alikuwa ndani amebandika jicho kwenye pazia la dirisha, na mimi chini yake nimebandika la kwangu. Wakatokea, jike jeusi mbele na kengele shingoni, wenzake wakifuata, na nyuma kabisa bwana wangu, fimbo mabegani, suruali ya harusi ina mavi mpaka magotini. Anapiga mluzi! Mama akanong'ona kwamba kijana anatembea vizuri, shingo imetulia.

Karibu na geti dume moja likachomoka kuelekea kwenye dengu za jirani. Nilimshika mama mkono. Mchumba wangu hakulikimbiza moja kwa moja kama mtu wa mjini. Alizunguka mbali, akalipitia kwa mbele, akaliongelesha, dume likasimama, likafikiri, likarudi. Nilifinya mkono wa mama mpaka akanifinya na yeye. Nilitaka kupiga vigelegele, akaniziba mdomo na kiganja kinachonuka vitunguu.

Baba alisimama. Akamwacha kijana asalimie kwanza, na kijana akasalimia wazee wote mmoja mmoja, akiwa amesimama, mpaka alipoambiwa akae. Mzee mmoja akauliza kwa utani kengele ya nini. Mchumba wangu akajibu kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe wa halali anakuja akijitangaza.

"Sasa hapo," baba akasema, "kengele iko mahali pake."

Mambo yakaisha, wazee wakakubali, na shangazi akanitoa nje nionekane. Nilisimama pale na gauni langu jipya, nacheka, siwezi kufunga mdomo. Baba alitakiwa aseme neno la kunitoa. Akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akageuka haraka, akaenda kwa lile jike jeusi, akainama, akalishika mguu wa nyuma na kuanza kukagua kwato. Akakagua, akaihamia ya pili, ametugeuzia mgongo, kofia ameishusha. Watu wakasubiri. Mshenga akauliza kwa wasiwasi kama ng'ombe ana kasoro.

Mimi na mama, yeye dirishani na mimi uani, tulitazamana. Miaka yote ile ya Jumapili, na sijawahi kuona mtu anaigiza vibaya kiasi kile. Nikaenda nikachuchumaa kando yake, nikashika kwato na mimi, na tukaikagua pamoja mpaka alipomaliza.

Jike lile halikuwa na kitu mguuni.