Jumamosi ya Mzee Yakobo

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikija kusahau hata jina langu nadhani hiyo nitaikumbuka. Jua lilikuwa la saa sita, Mbagala ile ya zamani, mikorosho mingi kuliko nyumba. Dada yangu Salima alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba nje ya geti la Mzee Yakobo, ana uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na sisi wote tuliomzunguka tulikuwa tunanong'ona. Dada mwenyewe alikuwa ameuma pindo la khanga ili asilie. Nitakueleza kwa nini, na wewe utatuona wajinga, wala sitakukatalia.

Mzee Yakobo alikuwa Myahudi. Mama yake, Bi Raheli, alifika Dar es Salaam akiwa mjane kijana na mtoto mmoja tu mkononi, amekimbia vita vya Ulaya ambako watu wa jamii yake walikuwa wakisakwa na kuuawa. Meli yao ilikuwa inaendelea mbali zaidi, lakini mtoto aliugua homa, wakashushwa hapa. Familia moja ya Wahindi wa Kishia, wenye duka la vitambaa, ikawapa chumba cha uani. Mpishi wa nyumba ile, mama wa Kizaramo, akawa anamkorogea mtoto uji. Mtoto huyo ndiye Yakobo. Homa ilipokwisha, Bi Raheli hakuwa tena na haraka ya kuondoka, akaanza kushona magodoro ya sufi.

Sasa huu Mfuko wa Raheli mnaousikia leo, wenye ofisi na bodi na watu wa kuvaa vitambulisho shingoni, haukuanza na wakili. Ulianza na kopo la maziwa ya unga lililotundikwa kwa msumari jikoni. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kuwasha mishumaa ya kuipokea siku yao takatifu, Bi Raheli alitumbukiza sarafu ndani ya kopo. Wiki nyingine alitumbukiza za kutosha, wiki nyingine moja ya kuona haya, lakini hakuiruka Ijumaa. Kopo likijaa, fungu moja lilikwenda kwa Wayahudi wenzake waliotawanywa na vita, wazee wasio na watoto, mayatima. Fungu la pili lilibaki mtaani, kwa mwenye mgonjwa au mwenye msiba. Alipofariki, mwanawe akaendelea. Biashara ilipokua na binamu wa ng'ambo walipotia mkono, kopo likageuka mfuko wa familia. Mgawo wa mafungu mawili ulibaki vile vile.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye banda lake la kuchambua sufi, kabla sijaolewa. Tulikuwa wasichana na wamama, tumejifunga vitambaa puani, tunatoa mbegu kwenye sufi huku tunasema watu. Nitakwambia kweli, kazi niliifanya nusu na umbeya nusu, na Mzee alijua, akawa anapita akikohoa kwa mbali ili tupate nafasi ya kubadilisha mazungumzo. Nilimpenda sana mzee yule.

Ramadhani ilipoingia hakunywa maji mbele yetu. Hakuna aliyemwomba, na wala hatukuzungumza jambo hilo, lakini tuliliona. Nasi tukamlipa kwa kuitunza Jumamosi yake. Siku hiyo hakuwasha moto, hakushika pesa, hakuendesha gari. Chakula chake kilipikwa Ijumaa, kikashinda juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Mtaa mzima ulijua hayo. Watoto wakicheza mpira karibu na ukuta wake waliondolewa, muuza samaki aliyezoea kuita kwa sauti alipita hapo kimya kama mwizi, na jirani mwenye redio aliipunguza bila kuambiwa. Mlinzi wake, Mzee Chilumba, mtu wa Masasi na Mkristo safi, alikuwa mkali wa siku ile utadhani yeye ndiye Myahudi.

Basi rudi nami getini. Mkunga wetu, Bi Tabu, alikuwa amemshughulikia dada usiku kucha, na asubuhi akatuambia wazi kuwa mtoto kakaa vibaya, apelekwe hospitali Temeke, tena upesi. Gari pale mtaani lilikuwa moja tu, pikapu ya magodoro ya Mzee Yakobo. Tukambeba dada na kitanda chake mpaka pale. Na tulipofika getini, miguu yetu yote ikasimama.

"Leo Jumamosi," Mzee Chilumba alisema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

"Tunajua, mzee," alijibu shemeji Hamisi, mume wa dada. "Sie tunakaa hapa kivulini tu. Nimemtuma mtu barabara ya Kilwa akatupatie gari."

"Haya. Ila msipige kelele. Mzee kapumzika."

Nasi kweli hatukupiga kelele. Pikapu tulikuwa tunaiona kwenye uwazi wa geti, imeegeshwa, na hakuna aliyethubutu hata kuitazama sana. Aliyetumwa hakurudi. Bi Tabu alikuwa anamfuta dada jasho, na kila mara anatuangalia mmoja mmoja.

"Nyie watu," alisema mwisho, "mie mikono yangu imefika mwisho. Huyu atanifia hapa."

Shemeji alianza kulia, lakini naye kwa sauti ndogo. Mwanangu, fikiria! Mkewe anakufa, na yeye anaficha kilio chake kwa heshima ya mtu aliyelala ndani. Mimi nilimtazama dada, nikaona macho yake hayajui tena nani ni nani. Wala sikuwaza. Nilipenya pembeni ya geti, nikazunguka mpaka mlango wa jikoni, nikaupiga kwa viganja vyote viwili. Usinisifu, maana nilikuwa nimechelewa kama wenzangu wote.

Alifungua mkewe, Mama Hana. Mzee alikuwa nyuma yake, ana kitabu mkononi na kile kikofia chao kidogo utosini.

"Mwajuma, kuna nini?"

"Shikamoo Mzee. Samahani sana Mzee. Ni dada Salima, uzazi umemkatalia, yuko hapo getini, lakini tunasubiri gari lingine, we usisumbuke."

Ndivyo nilivyosema, haki ya Mungu. Usisumbuke.

"Yuko getini tangu saa ngapi?"

"Tangu... kitambo, Mzee."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikitupa kitabu juu ya kiti, yeye ambaye kitabu kikimdondoka alikuwa anakibusu, akachukua funguo ukutani na kukimbia. Kikofia kilianguka uani asikiokote. Mzee Chilumba alipomwona na funguo alimzuia kwa mikono miwili.

"Mzee, siku yako hii! Nipe mie funguo, nitafute dereva, wewe usiiharibu siku yako."

"Chilumba, ondoka njiani!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifoka. "Nitaendesha mwenyewe. Kwenye roho ya mtu, dini yangu hainiruhusu kusubiri wala kumtuma mwingine. Fungua geti!"

Tulitandika godoro jipya la sufi nyuma ya pikapu, tukamlaza dada. Mama Hana akapanda pamoja naye na kumpakata kichwa. Gari lilipowaka, dada aliitema ile khanga akapiga ukelele uliotoa watu majumbani. Nilifurahi kuusikia, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa naona tunamzika taratibu.

Walimpasua, na wote wawili wakapona, yeye na mtoto wa kike. Daktari alimwambia shemeji kuwa wangechelewa kidogo tu angewakabidhi habari nyingine. Mzee Yakobo alipoambiwa wamepona, akarudi kuwa Myahudi wa Jumamosi. Hatari imekwisha, basi hawezi kuendesha tena mpaka jua lizame. Akakaa kwenye benchi la hospitali mchana ule wote na mkewe, bila senti mfukoni, mpaka mama mmoja muuza matunda akawaonea huruma akawapa ndizi mbivu. Mtaani tulichekeshana kwa habari hiyo muda mrefu, tajiri wa magodoro kalishwa ndizi za sadaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyependa zaidi kuisimulia.

Kesho yake alituita wote bandani, sisi wa sufi, Mzee Chilumba na shemeji. Tulikaa juu ya magunia, vichwa chini. Tulijua tunakwenda kusemwa, na tulisemwa.

"Mmenitunzia siku yangu," alisema, "nami nawashukuru. Lakini jana mliniheshimu mimi mkamwacha mwenye roho yake mkononi. Heshima gani hiyo? Mngeniletea maiti mlangoni mngesema mmenilindia dini?"

Mzee Chilumba alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. Tukadhani yamekwisha, lakini Mzee Yakobo naye akakaa juu ya gunia, na sauti yake ikashuka.

"Na kosa kubwa ni langu. Miaka yote hii nimewaambia nisiyoyafanya Jumamosi. Sishiki moto, sishiki pesa, siendeshi. Mkayashika yote. Sikuwaambia hata siku moja ninayopaswa kuyafanya. Mngejuaje? Mmeijua dini yangu kwa makatazo tu, na aliyewafundisha hivyo ni mimi."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu, na mpaka leo hayajatoka. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mwenye mali akijisema mbele ya vibarua wake. Bibi yangu alinikemea sana utotoni, na walimu pia, lakini sikuwahi kukemewa na mtu anayejikemea mwenyewe palepale.

Mtoto yule, shemeji alitaka kumpa jina linalotokana na Yakobo, Yakubu wa kike sijui angeitwaje. Mzee akaomba radhi, akasema kwao hawampi mtoto jina la mtu aliye hai. Akaomba, kama itawapendeza, apewe la mama yake. Kwetu Waislamu jina hilo lipo, tukamwita Rahili. Usidhani amekuja kuwa daktari ili hadithi yangu inoge. Anauza chipsi pale stendi ya Rangi Tatu, ana mdomo, na ukimwomba apunguze bei atakusema mpaka kwenu.

Kazi kubwa ya kwanza ya Mfuko baada ya hapo ilikuwa gari la wagonjwa, na wodi ndogo ya wazazi ikafuata. Visima vya Kimbiji na karo za watoto wa Gongo la Mboto ni mambo ya wajukuu zake. Na lile fungu la Wayahudi nalo halikukatika. Mpaka leo wanatunza nyumba ya wazee wa Kiyahudi huko ng'ambo, wanalipa walimu wa kuwafundisha watoto wao lugha ya vitabu vyao, wanafagia makaburi ya watu waliokufa bila ndugu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kikao cha juzi cha kamati yetu ya mtaa, hii inayopokea fungu la Mfuko. Mmoja wenu, simtaji, anajijua na shati lake la kunyooshwa, alisimama akasema tuwaandikie wajukuu wa Mzee Yakobo waliache fungu la Wayahudi, yote yaje huku, maana shida huku ni nyingi na wale wa kule sisi hawatuhusu. Wengine mlipiga makofi. Mimi nilinyamaza, si kwa kukubali, ila nilihofia nikianza nitalia mbele ya watoto.

Sasa nasema. Usimwombe mtu awaache wa kwao ili akupende wewe. Mtu aliyefundishwa kuwasahau wa kwao atakusahau na wewe, tena haraka zaidi, maana wewe huna hata damu ya kumkumbusha. Lile fungu mnalotaka likatwe ndilo lililolea watu wa kuijua amri ile ya kuitanguliza roho ya mtu. Bila wale walimu wa watoto wao, bila vile vitabu, Jumamosi ile mwenye pikapu angejua makatazo tu kama sisi, na dada yangu angefia kivulini huku tukimlindia mtu usingizi. Dada Salima yupo, anazeeka kwa furaha na anagombana na wakwe. Nikimtazama siwezi kusema wale wa kule hawanihusu.

Na la pili, ambalo ni lenu nyote, Waislamu na Wakristo. Jirani yako anakujua kwa usivyovila na siku usizofanya kazi. Mwambie pia unayoamrishwa. Mwambie mapema, mkiwa mnacheka, kabla hajafika getini kwako na mgonjwa akaogopa kukuamsha. Na ukiwa wewe ndiye mwenye shida, usimwamulie mwenzio kwamba atakataa. Gonga, akatae mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya kutosha kugawa mara mbili, akupe watu wa kwako wa kuwakumbuka na watu wa mbali wasiokuchosha. Na mlango wako aufanye mlango ambao mwenye shida haogopi kuugonga, siku yoyote ya juma.