Baba Kwenye Ukurasa wa Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla mama yake hajamaliza kupanga mandazi, Ilhan Jama alisoma karatasi za kufungia. Yalikuwa magazeti ya zamani yaliyonunuliwa kwa kilo, na kazi yake ilikuwa kuyachana vipande vya kutosha mandazi manne. Hakuchana kipande kabla ya kukisoma. Habari nyingi ziliishia kwa maneno yale yale: inaendelea ukurasa wa kumi na nne. Na huo ukurasa wa kumi na nne, miaka yote ya duka lao la Noonkopir, mtaa wa mji wa Kitengela, haukuwahi kuonekana kwenye rundo.

"Unauza ama unasoma?" Kathini, fundi wa nguo wa jirani, alimuuliza kila siku. "Mandazi yangu yanapoa, mwalimu."

Ilhan hakuwa mwalimu. Mwaka huo wa 2007 alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya historia, na barua kumi na moja za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Chuoni alikaa safu ya nyuma miaka minne bila kuuliza swali hata moja kwa sauti. Maswali yake aliyaandika pembezoni mwa daftari, akayajibu mwenyewe maktabani. Mama yake, Safiyo, alimjua hivyo na hakumsumbua. Naye Safiyo hakuwa mtu wa maswali.

Barua ya kumi na mbili ndiyo iliyompeleka ng'ambo ya barabara, kwenye saiba ya Muturi, kibanda cha kompyuta ambako mtandao uliuzwa kwa dakika. Alipomaliza kuituma alibakiwa na dakika tisa, akafungua kamusi elezo moja ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika. Alitafuta jina la mji wao. Akapata sentensi mbili, na juu yake neno dogo la buluu: hariri.

Alilitazama neno lile mpaka dakika zake zikaisha. Kesho yake alirudi.

Alijua la kuandika. Baba yake, Jama, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na watu wa sokoni walimjua kwa jambo moja: alisoma masikio. Ng'ombe akipita mbali, Jama hutazama mkato wa sikio, ncha iliyokatwa au tundu lililotobolewa katikati, akakuambia ametoka kwa watu gani na upande gani. Wamaasai walimheshimu kwa hilo, Wasomali wenzake wakamtania kwamba hata alipooa aliangalia sikio kwanza. Ilhan alikua akisikia habari hizo kwenye chakula. Akaandika makala nzima juu ya alama za masikio ya mifugo, siku nne mfululizo, kwa Kiswahili alichokinyoosha kama shuka la mgeni. Chini kabisa aliweka chanzo, kwa maana aliona makala nyingine zina chanzo: *Baba yangu, Jama Aweys, yuko sokoni kila Jumatano.* Kisha, kama barua yoyote ya adabu, akamalizia: *Wenu mtiifu, Ilhan Jama, Noonkopir.*

Alipofungua ukurasa huo Jumanne asubuhi alikuta kisanduku chekundu juu ya makala. *Makala hii haina chanzo kilichochapishwa. Kisipopatikana ndani ya siku saba, itafutwa.*

Mhariri mmoja wa siku nyingi, aliyejiita Kisilu, alikuwa amemwachia ujumbe.

*Karibu sana, dada. Umeandika vizuri kuliko wengi wetu tulivyoanza. Lakini sahihi huwekwa kwenye ukurasa wa majadiliano, si ndani ya makala; nimeitoa. Pili, baba yako ninamheshimu, ila msomaji aliyeko Kisumu hawezi kumfungua akaangalia ni ukurasa wa ngapi.*

Ilhan alihisi masikio yake mwenyewe yakiwaka. Kufutwa! Kila sentensi aliyoisikia utotoni ingefutwa na mtu asiyemjua, na watu wangesema, kama wangesema, kwamba haikuwa kweli. Alitoka bila kuaga, na kwa siku tatu hakuvuka barabara.

"Professor!" Muturi alimwita kutoka mlangoni mwake. "Umetuhama? Ile kompyuta yako ya kona imeanza kulia!"

Ilhan aliendelea kuchana magazeti. Hata kuyasoma aliacha, mpaka Kathini akauliza kama yuko mgonjwa.

Ijumaa jioni, baba yake alipokuwa akinywa chai, Ilhan alijikuta akisema yote. Jama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hawezi kunifungua? Mimi ni kabati?"

"Aabo, si matusi. Ni sheria yao. Lazima iwe kitu imeandikwa."

"Kwa hivyo mtu akiandika uongo kwa karatasi, huyo ni chanzo. Mimi niko na miaka arobaini nikiangalia masikio, mimi si chanzo."

"Ukiniambia mimi, ni mimi peke yangu nimesikia. Yule mwingine atajuaje?"

Jama alikuwa mtu wa soko. Alijua kwamba mnunuzi haamini maneno, anataka kumgeuza mnyama amwone mwenyewe.

"Wewe si wa kwanza kuniuliza," alisema hatimaye, bado amenuna. "Nikiwa Rombo, zamani, wewe ulikuwa umebebwa mgongoni, kulikuja bwana wa mifugo wa serikali, kutoka ofisi ya Kajiado. Alikaa na sisi wiki mbili. Anachora masikio, anauliza, anachora. Aliandika jina yangu. Alisema itakuwa kitabu."

Ilhan aliinua uso. "Kilitoka?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa nauza ng'ombe."

Miaka yote hiyo Ilhan alimsikiliza baba yake juu ya masikio. Hakuwa amemuuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumsikiliza akaandika. Miaka minne ya historia, na swali la kwanza la mwanahistoria lilikuwa limempita! Angecheka kama muda ungekuwepo. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu ndiyo siku iliyobaki. Jumanne asubuhi makala itafutwa.

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu alikuwa Kajiado, mbele ya dirisha la ofisi ya mifugo. Nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja mwenye shanga shingoni na miwani ya kusomea, aliyekuwa akipiga mihuri vibali vya kusafirisha ng'ombe. Kibao chake kilisema Naserian.

"Supa," alisema Ilhan, akimsalimu kwa Kimaasai.

"Supa oleng. Uko na ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe."

"Basi hii si laini yako. Nani anafuata?"

Mzee aliyekuwa nyuma yake alisogeza fimbo mbele. Hapa, siku zote za maisha yake, Ilhan alikuwa mtu wa kurudi nyuma hatua moja, aseme samahani, aende. Alishika ukingo wa dirisha.

"Mama, naomba unisikie," alisema, kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke. "Baba yangu yuko ndani ya kabati lenu!"

Mzee mwenye fimbo aliuliza kwa upole kama ni marehemu.

Ilibidi aeleze, naye alieleza, mbele ya watu wote wale, tangu Rombo na bwana aliyechora masikio hadi kisanduku chekundu na kesho asubuhi. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, yule mzee alisema ukoo wao hukata ncha ya sikio la kulia, na kama kuna kitabu, yeye pia anataka kujua kama wameandikwa sawa.

Naserian alivua miwani. "Kuna makabati mawili huko nyuma tangu nije hapa hayajafunguliwa. Nikimaliza hawa, utanishikia tochi."

Kabati la kwanza lilikuwa na fomu za chanjo. La pili lilikuwa na mavumbi, mkasi wa kukatia pembe, na chini kabisa furushi la vijitabu vilivyofungwa kwa kamba ya katani, herufi za taipureta zilizofifia, jalada la rangi ya kaki: *Alama za Masikio ya Mifugo, Wilaya ya Kajiado, 1986.* Ilhan alifungua kimoja. Masikio yalijipanga ukurasa baada ya ukurasa, yamechorwa kwa kalamu makini. Kwenye ukurasa wa kumi na saba, chini ya mchoro wa sikio lenye tundu, palikuwa na mstari mmoja: *Maelezo haya yametolewa na Bw. Jama Aweys, mfanyabiashara wa mifugo, Rombo.*

"Ndiye huyo?" aliuliza Naserian, tochi sasa iko mkononi mwake.

"Ndiye."

"Basi mwambie nimemsalimia. Kijitabu moja chukua, hizi zingine nitaweka hapo mbele watu wasome."

Alirudi Kitengela saa tisa, akakuta mji mzima hauna stima. Muturi alikuwa amekaa mlangoni akila njugu.

"Muturi, washa jenereta."

Muturi aliacha kutafuna. Tangu amjue, msichana huyu hakuwa amewahi kumwambia zaidi ya "nina dakika ngapi?" "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya masikio ya ng'ombe. Inafutwa kesho."

"Ati petroli yangu iungue kwa sababu ya masikio ya ng'ombe," Muturi alilalamika, huku tayari anavuta kamba. "Hii elimu yenu!"

Ilhan aliandika jina la kijitabu, mwaka, ofisi iliyokitoa, ukurasa wa kila mchoro, jina la Jama Aweys aliyetoa maelezo, na mahali msomaji anapoweza kwenda kukiona. Mambo mawili aliyokuwa ameyaandika mwanzoni hayakuwemo kijitabuni. Aliyatoa mwenyewe, ingawa yalimuuma. Kisha alikwenda kwenye ukurasa wa majadiliano na kuandika: *Ndugu Kisilu, baba yangu sasa anafunguka. Ukurasa wa kumi na saba.* Na hapo, mahali pake, akatia sahihi.

Jibu lilikuja kabla jenereta halijazimwa. Kisanduku chekundu kilikuwa kimeondoka. *Hongera, dada. Nimehariri hapa miaka mitatu na sijawahi kuona chanzo kikitafutwa hivi. Tuna makala nyingine sitini zenye kisanduku chekundu. Ungependa kuanza na ipi?*

Ilhan alicheka peke yake kwa sauti, mpaka Muturi akaja kuangalia kama kompyuta imeharibika. Alipoelezwa, alichapisha makala ile kurasa tatu, akakataa kulipwa, na kuvuka barabara mwenyewe akipaza sauti: "Mzee Jama! Umekuwa kitabu!"

Jama alizipokea karatasi kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alimtafutia Kathini mstari wenye jina lake mwenyewe, Jama, akamtafutia tena, na Jumatano hiyo alikwenda nazo sokoni ndani ya mfuko wa koti. Jioni alirudi na habari za watu watano waliosema kwamba alama zao zimesahaulika. "Nimewaambia walete karatasi," alisema kwa ukali. "Bila karatasi, binti yangu hachukui."

Safiyo alisubiri mumewe atoke kwenda kuswali. Akafuta mikono yenye unga, akazichukua zile kurasa tatu, akazisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila mstari hadi mwisho wa ule wa mwisho. Akarudi juu. Akashuka tena. Katika mambo yote hayo, hakuwa ameuliza chochote.

"Na jina yako iko wapi?"

"Langu haliko, hooyo," alisema Ilhan. "Mimi ndiye niliandika."