Msamaha Ambao Hakuuomba

Niliwahi kumwombea msamaha mtu ambaye hakuwa ameomba, mbele ya hakimu, na hakimu akaandika. Mtu huyo alikuwa kizimbani kwa shtaka la kuiba ng'ombe. Ilikuwa wiki yangu ya tatu kama karani na mkalimani wa mahakama, katika mojawapo ya miji iliyo chini ya Mlima Kenya, na bado nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu.

Nilifika pale kutoka kwenye dirisha la vifurushi. Kwa miaka sita nilikuwa Nyeri, katika ofisi ya kampuni moja ya mabasi, nikipokea mizigo na malalamiko. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, basi. Meneja wetu alitoka Magharibi mwa Kenya. Alijua Kiingereza na Kiswahili, Kikuyu hakujua. Wateja wetu wengi walikasirika kwa Kikuyu.

Mama mmoja wa Karatina alikuja siku moja, gunia lake la viazi likiwa limepotelea Nairobi, akapiga mbao za dirisha kwa ngumi. "Mwambie huyo mkubwa wako atapike viazi vyangu!"

Niligeuka nikamwambia meneja, "Mama anaomba tafadhali tumtafutie mzigo wake."

Meneja hakuinua macho. "Mwambie hapa si ghala ya viazi."

"Meneja anaomba radhi sana kwa usumbufu, mama," nikasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kila upande ulinipa mawe, nami nilipitisha mkate. Nilisifiwa kwa hilo, hata mbele ya wenzangu. Lakini wasichana waliokuja na vyeti vya chuo walikaa dirishani miezi michache, kisha wakapanda ofisi za juu. Mimi nilibaki na gundi, kamba na kilio cha watu. Nilianza kuogopa kwamba nitazeekea pale.

Wakili mmoja aliyekuwa akituma bahasha zake kwetu ndiye aliyeniambia kuwa mahakama ilikuwa ikitafuta karani. "Chuo hawaulizi," alisema. "Wanauliza kama unajua Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, na kama una sauti." Niliandika barua, nikaitwa, nikasomeshwa kurasa mbili kwa sauti, nikapewa kazi. Wiki hiyo hiyo dirisha langu lilipata msichana mwingine.

Aliyenifundisha alikuwa karani mzee, mtu wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mafunzo yalichukua siku mbili. Nilijifunza kuita majina ya washtakiwa, kupanga mafaili, kuapisha mashahidi, na kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu ili nigeuze maneno. Hakimu aliandika kila kitu kwa mkono, kwa Kiingereza. Asichokisema mkalimani kwa Kiingereza hakikuingia kwenye faili.

"Hapa hakuna kuongeza sukari, mami," mzee aliniambia. "Kama ametukana, na wewe tukana." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Kesi ya ng'ombe ilianza asubuhi. Mlalamishi alikuwa mjane, jirani ya mshtakiwa. Alieleza kwamba mtamba wake alipatikana amefungwa katika nepia, nyasi ya kulishia mifugo, ya mtu yule. Mshtakiwa, mwanamume mwenye koti la mvua lililochanika mfukoni, hakuwa na wakili. Hakimu alimwambia amuulize mlalamishi maswali.

Akapaza sauti kwa Kikuyu: "Muulizeni kama ana haya! Ng'ombe wake amevunja ua, amekula nepia yangu, nikamfunga ili asimalize shamba. Nilitakiwa nimpigie makofi? Na amwogope Mungu!"

Mjane alianza kulia. Nami nikasikia sauti yangu ikisema, kwa Kiingereza safi cha dirishani, kwamba mshtakiwa anamwomba mama msamaha kwa usumbufu, lakini ng'ombe aliingia mwenyewe shambani.

Hakimu aliinua kalamu. "Anaomba msamaha?"

Hapo ndipo ningeweza kujirekebisha. Lakini miaka sita ilikuwa imenifundisha kutolirudisha neno nililokwisha kulisema mbele ya mkubwa. "Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema.

Kalamu ikashuka. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona mstari ukiandikwa. Inspekta aliyekuwa akiendesha mashtaka alipiga mstari chini ya neno fulani kwenye daftari lake. Mshtakiwa alisimama tu, akifuta jasho, bila kujua alichosema. Kwa wizi wa mifugo watu walifungwa miaka, na siku hizo bado walichapwa viboko.

Tulitoka kwa chakula cha mchana. Nilimkuta karani mzee nyuma ya jengo na bakuli lake la githeri. Nikamweleza.

"Ati ulisema aje?"

Nikarudia.

Aliweka kijiko chini. "Sasa wewe umemfunga. Mtu anaomba msamaha ya nini kama hajaiba?"

"Na nikimwambia hakimu?"

"Ukimwambia, unarudi kwa viazi zako."

"Hata huko hawanitaki tena, mzee. Kuna mwingine."

"Basi nyamaza, kama unaweza." Akatafuna kidogo. "Mimi singeweza. Lakini mimi niko na pensheni."

Sikula. Nilihesabu njia zote za kunyamaza, na kila njia ilipita kwenye mgongo wa yule mtu. Nilihesabu pia njia za kusema, na kila moja iliishia nyumbani kwa mama yangu, mimi nimeketi jikoni bila kazi.

Saa nane hakimu aliporudi, nilisimama kabla hajafungua faili. Nikasema kwamba neno la msamaha lilikuwa langu, si la mshtakiwa.

Hakimu akaniamuru nimuulize mshtakiwa mwenyewe. Nikamuuliza kwa Kikuyu kama alikuwa amemwomba mlalamishi msamaha.

"Mimi? Msamaha?" Alishika ukuta wa kizimba kwa mikono yote miwili. "Wewe kasichana, ni nani alikutuma uniombee? Umelishwa nini na huyu mama?"

Nikayageuza yote kwa Kiingereza, kasichana na kulishwa, neno kwa neno. Watu kwenye mabenchi wakacheka. Inspekta naye akacheka. Hakimu hakucheka. Alikata ule mstari, akaandika pembeni, akaweka sahihi.

"Umefanya jambo hili mara ngapi?" aliuliza.

"Leo tu, Mheshimiwa."

Akageuza ukurasa, akasema tuendelee.

Mtu wa nepia aliachiliwa wiki chache baadaye, baada ya polisi kwenda kuona ua uliovunjika. Miezi mitatu ilipokwisha nilipewa barua ya kazi. Karani mzee aliisoma kupitia miwani yake, akasema, "Sasa na wewe utakuwa na pensheni."

Lakini nilichomjibu hakimu hakikuwa kweli, na nilijua si kweli nilipokuwa nikikisema. Kabla ya kesi ya ng'ombe nilikuwa nimekaa pale zaidi ya wiki mbili, nikipitisha maneno ya watu kwa namna ile ile ya dirishani. Siku yangu ya nne aliletwa mchoma makaa aliyekamatwa msituni bila kibali, mtu wa makamo. Alisomewa shtaka, akaulizwa kama ni kweli. Aliongea kwa muda mrefu, mikono ikieleza, na kola ya shati lake ilikuwa na majivu. Nilimwambia hakimu: anasema ni kweli, na anaiomba mahakama imhurumie. Alipewa miezi sita.

Mikono yake naikumbuka vizuri. Sikumbuki kama alisema ni kweli.