Mchezaji wa Kumi na Moja

Waumini wenzangu kanisani wanasema siku ile nilikuwa na njaa, ndiyo maana nikaona nilichokiona. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula ugali na sombe, majani ya muhogo, saa saba mchana, sahani nzima, na jambo lenyewe lilitokea saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka. Sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Kwa hiyo usinikatize. Nimechoka kukatizwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Rosettenville, Johannesburg. Kazi niliianza kwetu Bukavu, Kongo, huu ni mwaka wa ishirini, na nimeshona magauni ya harusi na sare za kwaya hata idadi siijui. Nakwambia haya ili ujue kwamba kosa nililolifanya si la mtu asiyejua kazi. Ni la mtu anayedhani anaijua yote.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja Mjapani, Mama Sachiko, mzee wa miaka sabini hivi anayekaa Randburg. Alikuwa na kimono moja ya pamba ya bluu kwenye mfuko, joho la kwao linalofungwa kwa mbele, akataka nimshonee kumi kama ile. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo. Huko kwao, mpunga ukishavunwa na majani yakaanza kupukutika, kijiji kizima hucheza duara kuzunguka ngoma. Wachezaji hufunika nyuso kwa kofia pana za majani, ili wale waliokufa baharini wakija kucheza na ndugu zao wasikodolewe macho. Huku kwetu majani hupukutika mwezi wa tano, basi naye huicheza mwezi wa tano, kwenye uwanja wa ukumbi mmoja Randburg, na wasichana wowote anaowapata. Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Mimi ni Mkristo, wafu wa watu hawanihusu.

Alipomwona binti yangu Riziki, wa miaka kumi na minne, amekaa nyuma ya cherehani na simu yake, akamwomba awe mchezaji wa kumi. Riziki akakubali palepale. Mtoto ambaye kumtoa kitandani Jumapili ni vita, kila Jumamosi akawa anapanda teksi mpaka Randburg bila kusukumwa. Nilifurahi, nisidanganye.

Sasa sikiliza kosa. Ile kimono ya mfano, upande wa kushoto ulilala juu ya wa kulia. Fundi yeyote atakwambia hivyo ndivyo lilivyo shati la mwanamume. Blauzi ya mwanamke hulalia kinyume, kulia juu ya kushoto. Nikajisemea, huyu mzee kaniletea nguo ya mumewe, na wachezaji ni wasichana. Nikaisahihisha. Nikahamisha kamba za ndani na tundu la kuzipitishia, hata mtu akitaka kuivaa vingine isikubali. Kumi zote. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, lakini mimi niliona kuuliza kutanishushia hadhi.

Na Mama Sachiko je? Alinieleza habari za mpunga, za ngoma, za wafu, mpaka za chakula cha sikukuu yao. Neno moja la mshono ambalo lingenisaidia hakulisema, kwa sababu kwao hata mtoto mdogo analijua. Hilo linanichoma mpaka leo.

Wiki ya ngoma umeme ulikatikakatika, nikachelewa. Nilifika Randburg na mzigo wangu ikiwa imebaki saa moja tu ngoma ianze. Mama Sachiko alikuwa uwanjani anahangaika na wageni, kwa hiyo wasichana niliwavalisha mimi. Walipotoka na kofia zao, yeye alikuwa ameshaanza kupiga ngoma, ametupa mgongo, na macho yake ya uzee hayaoni mbali.

Nikasimama pembeni kuangalia kazi yangu. Fundi huhesabu nguo zake zikiwa hadharani, ndiyo tabia yetu. Nikahesabu wachezaji kumi na mmoja.

Nikarudia. Kumi na mmoja. Nikawakagua mmoja mmoja wakipita, nikaiona isiyo yangu. Bluu yake ni ileile, lakini ilishonwa kwa mkono, kwa uzi mweupe, na mwisho wa kila mshono uzi ulining'inia bila fundo. Nani anashona bila kufunga fundo? Pindo lilikuwa linachuruzika maji, na mwezi wa tano hapa Johannesburg nyasi ni kavu, mvua tumeshaisahau. Nayo ililalia kulia juu ya kushoto, kama zangu.

Aliyeivaa alikuwa nyuma ya Riziki, anacheza vizuri kuliko wote. Mzunguko wa tatu akamshika mwanangu mkono wa kulia wa kimono. Duara likaendelea, na wao wawili wakatoka ndani yake, wakicheza bado, kuelekea ukutani ambako hakuna mlango. Nilimwita Riziki, hakugeuka. Nikawauliza wazazi waliokaa karibu yule ni nani. Mmoja akaniambia nisogee, namzuia kupiga picha.

Nikakimbia. Nikamshika mtoto kiunoni nikavuta, na niamini, ilikuwa kama kuvuta kabati. Yule mgeni hakunisukuma. Aliinamisha kofia kwa heshima, akasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu:

"Mama, huyu ni wetu. Si ni weye ulimuvalisha?"

Sauti ilikuwa ya upole. Afadhali angenitukana. Nikatazama kifua chake, nikatazama cha mwanangu, nikaona wamefungwa sawasawa. Shingoni huwa navaa mkasi mdogo wa kukatia uzi. Nikakata kamba, nikairarua ile kimono mbele za watu, nikaigeuza kushoto juu ya kulia, nikaishikilia kwa mikono miwili. Mgeni akaachia. Akainama tena, akaenda zake ukutani, na nilipotazama ukutani hapakuwa na mtu.

Ngoma ikanyamaza. Mama Sachiko akaja, akawaona wasichana kwa karibu, akaanza kuwafungua mmoja mmoja. Ndipo akaniambia kwamba kwao kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti tu, na nguo ya maiti hushonwa bila fundo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema.

Tukainama, watu wazima wawili, kila mmoja na hasira yake, tukaendelea kuwafungua wasichana kamba.

Riziki anasema alikuwa anafuata hatua za mwenzake, basi. Anachokumbuka ni mama yake akimrarulia nguo mbele ya marafiki. Hataki tena nimshonee chochote, nguo ananunua dukani. Kifundo cha mkono wake wa kulia ni cha baridi mpaka leo, hata akilala chini ya blanketi mbili, na daktari hakuona kitu. Nikianza kumweleza anavaa hedifoni. Mume wangu anasema niache, mchungaji anataka nifunge siku tatu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ule uzi ulikuwaje.

Wewe unayenisikiliza, hasa kama ni fundi mwenzangu, ukiletewa nguo ya watu usiisahihishe. Uliza, hata swali likionekana la kijinga. Na usinisifu kwamba nilimwokoa mwanangu. Kabla ya hapo nilimvalisha sanda kwa mikono yangu, nikakaza kamba isilegee, nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwambia amependeza.