Betri ya Trekta Haianikwi

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sepuka, kilikuwa na trekta moja, na dereva wake nilikuwa mimi, mwanamke. Wanaume wengine jambo hilo liliwakaa kooni. Mwenyekiti alinitamkia mkutanoni kwamba mvua ya kwanza ikinyesha na trekta lisiwake, ufunguo atapewa mwingine. Nikaitikia kwa adabu, huku moyoni nachemka.

Baada ya mavuno trekta likapumzishwa. Nikafungua waya, nikaibeba betri nyumbani na kuiweka kivulini, kwenye sakafu ya saruji. Watu wakaja kunionya kuwa saruji hunyonya moto wa betri. Niliwauliza itanyonyea wapi, na betri imo ndani ya boksi lake. Hawakuamini.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenitia kazi. Kwake mawe ya redio, zile betri ndogo, yakichoka yalianikwa juu ya paa bapa la tembe, kando ya mtama, na kweli yalikuwa yakiimba tena mpaka taarifa ya habari iishe. Siku moja narudi shambani, naikuta betri juu ya paa, inachomwa na jua. Alikuwa amewaita majirani wakampandishia.

Nilikasirika, lakini mkwe ni mkwe. Nikamwamkia kwanza, ndipo nikasema, "Mama, hii si jiwe la redio. Ina maji ndani. Ukiianika unaikausha."

"Nilitaka wasikunyang'anye ufunguo," akasema.

Hasira zikaniisha palepale. Nikaongeza maji ya betri, kisha nikapanda nayo basi hadi Singida mjini ikachajiwe, na kila ilipokaa sana nikaipeleka tena. Wakanicheka, eti kitu kisichofanya kazi kinachokaje? Nikawaambia hata aliyelala huamka na njaa.

Mvua ikanyesha. Kijiji kizima kikazunguka trekta, na yule aliyeandaliwa kunirithi alikuja amevaa shati safi. Nikafunga waya, nikapanda, nikageuza ufunguo. Likanguruma mara moja tu, bila kusita, na moshi ukawafuata waliosimama karibu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Vigelegele vya mama mkwe vilisikika kupita injini. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama mbele ya trekta, mdomo wazi. Mama mkwe akamwendea, akamshika mkono.

"Sogea, baba," akamwambia. "Dereva anakwenda kulima."

Akasogea.